Ngumi za Sufu: Raundi ya Tisa

Shingo ya Fundi ni sentimita thelathini na nne. Aliipima mwenyewe, kwa utepe wake wa manjano wa kila siku. Leo saa saba mchana utepe huohuo ulikuwa umemzunguka shingo hiyohiyo, na ungeweza kusoma namba mpya: ishirini na tisa.

Barua zenu nimezipata. Mmeniita katili, eti nimemwacha mwanamke wa watu ananyongwa wiki nzima. Ninyi mlikuwa na wiki. Yeye alikuwa na pumzi moja, nayo ilikuwa inaisha.

"Ya kumi na mbili iko wapi?" sauti ilimuuliza nyuma ya sikio. "Nimehesabu kumi na moja. Bosi anazitaka zote. Sema tumalizane, dada, usinichoshe."

Fundi angejibu kwa koo lipi?

Kwa wewe uliyelinunua gazeti leo kwa mara ya kwanza, chukua haya upesi. Fundi anafuma masweta. Leo saa kumi alasiri anaonyesha ukumbini mavazi kumi na mawili aliyoyabuni kutokana na michezo, kila vazi na mchezo wake. Bosi anayetajwa ni Bwana Lebo, aliyemwajiri miaka sita na kushona jina lake mwenyewe kwenye kila kitu Fundi alichobuni. Anataka kushona tena. Na huyu anayenyonga ni baunsa wake. Wanamwita Kabati, na ukimwona hutauliza kwa nini.

Kabati alimburuta kinyumenyume mpaka kwenye mashine ya kufumia. Utepe alikuwa ameuzungusha kwenye ngumi ya kulia. Mkono wa kushoto akauweka juu ya mashine, ajiegemeze, akaze vizuri.

Hapo akakosea.

Mashine ya kufumia ni kitanda kirefu cha chuma chenye sindano mia mbili, kila moja na ndoano yake, na juu yake hupita kigari kizito cha kuzisukuma. Mtu aliyekaa karakana ya kufuma siku mbili tu anajua kwamba mkono hauwekwi hapo, hata mashine ikiwa imelala. Shangazi alimfundisha Fundi hivyo akiwa na miaka tisa, kwa kumchapa vidole na rula.

Kabati hakuwahi kuwa na shangazi wa aina hiyo.

Fundi alipapasa nyuma, akaupata mpini wa kigari, akausukuma kwa nguvu zote zilizobaki mwilini.

Kraaa!

Sindano zilipanda, ndoano zikazama, kigari kikapita juu ya vidole vinne na kukwama kwenye cha tano. Kabati aliita mama yake. Utepe ulilegea, hewa ikaingia kooni mwa Fundi kama maji ya moto, akaanguka magoti, akakohoa damu na mate.

Kabati alikuwa na njia mbili za kuutoa mkono ule, taratibu au haraka. Akachagua haraka. Ngozi ilibaki kwenye ndoano.

"Utalipia hii!" alinguruma.

Ngumi ya kulia ikafika mdomoni mwa Fundi kabla hajasimama. Jino la mbele likatoka, likaruka, likagonga kopo la vifungo. Fundi akaenda chini ya meza kama mzigo. Kabati akaipindua meza. Mabunda ya nyuzi yakamwagika chumba kizima, nyekundu, buluu, njano, yakibiringika kila upande.

Fundi hakuwa na silaha. Alikuwa na nywele, na kwenye nywele huwa anachomeka sindano ya chuma ya kufumia, asiitafute akiihitaji. Aliichomoa, akaishika kwa mikono miwili, akaishusha juu ya kiatu cha turubai kilichokuwa mbele ya pua yake.

Iliingia. Kabati alipiga ukelele mwembamba usiofanana na kifua chake, akanyakua kigoda cha mbao, akakiinua juu ya kichwa cha Fundi.

Kigoda kiko hewani. Kikae hapohapo kidogo, nina jambo la kuwaambia.

Mnajiuliza kwa nini Fundi hasemi tu. Ni vazi. Nguo hufumwa nyingine, kichwa hakifumwi. Kweli kabisa. Lakini hamjui anavyofanya kazi huyu.

Wabunifu wengine huanza na karatasi. Fundi huanza na tiketi. Huenda uwanjani na sindano mbili na mfuko wa nyuzi, akakaa jukwaani, akaufuma mchezo unavyokwenda. Wenyeji wakishika mpira, anafuma uzi wa buluu. Wageni wakiupokonya, anaingiza wa njano. Refa akipiga filimbi anageuza kitambaa, goli likiingia anafuma kivimbe cha mviringo kama mpira mdogo. Mashabiki walimzoea, wakawa wanamtania, "Fundi, tumefungwa, fumua!"

Sare moja ya bila kwa bila, iliyowalaza usingizi hadi waokota mipira, ilimpa sweta la kijivu lisilo na kivimbe hata kimoja. Analipenda kuliko mengi. Mbio za kupokezana vijiti zikawa skafu moja ndefu ya kuvaliwa na watu wanne kwa pamoja, wakikosana hatua wanakabana. Kipa akampa gauni la wavu, mpira umenasa mgongoni. Kocha mmoja aliyekuwa anajitafuna mkono wa koti kila timu yake ikipiga kona akampa koti ambalo mkono wake mmoja umekwisha tafunwa.

Na la kumi na mbili ni la kaka yake.

Kaka mtu alikuwa bondia. Ulingoni walimwita Kengele, kwa sababu mara tatu alikuwa yuko chini, anahesabiwa, kengele ikamwokoa. Pambano lake la mwisho lilirekodiwa. Fundi aliliangalia mara kumi na tisa, sindano mkononi. Akafuma sweta jeupe, zito, lenye mikono ya kufika magotini inayoishia kwenye glavu mbili nene za sufu. Kila ngumi aliyopigwa Kengele siku ile, Fundi aliweka kitanzi kimoja chekundu. Viko mia mbili na kumi na moja. Alivifuma kwa upendo, maana huyu mwanamke anapenda kwa kuhesabu.

Onyesho lilipangwa kumalizikia kwa Kengele. Atatoka na sweta lile, atalivua, atapanda ulingo wa kweli uliofungwa katikati ya ukumbi, na atapigana raundi tatu za kweli na bondia wa kweli. Wazo la Fundi. Kengele alikubali kabla hajamaliza kulisikia, kwa hamu ya kusikia watu wakimshangilia mara moja tena.

Sasa lile ambalo ninyi na mimi tunalijua na Fundi halijui. Mlikuwa nami kwa daktari katika Raundi ya Nne. Mshipa ulio nyuma ya macho ya Kengele umekonda mno. "Ngumi moja ya sawasawa kichwani," daktari alisema, "utapofuka au utakufa, na mimi sitakuwa na la kufanya." Kengele aliondoka pale na siri hiyo, na anayeijua ni mtu mmoja tu, aliyempeleka.

Basi. Kigoda kishuke.

Kilishuka. Fundi alijiviringisha, kikapasuka kwenye saruji pale kilipokuwa kichwa chake, na kipande cha mguu kikamchana shavu. Kabati alibaki na kipande kingine mkononi, chenye ncha. Akamkanyaga Fundi kifua kwa mguu mzima.

"Mara ya mwisho. Ya kumi na mbili."

Mlango ukagongwa na bega, ukafunguka.

"Fundi! Limekauka!"

Kengele alisimama mlangoni akicheka, amelivaa sweta lenyewe. Lilikuwa juani darini tangu asubuhi, limefuliwa, limetundikwa. Mikono yake yote miwili ilikuwa imezama ndani ya zile glavu, ndiyo maana alifungua mlango kwa bega.

"Mbona glavu zako nzito kuliko za kwe..."

Akaona meza. Akaona damu. Akaona kiatu kiko wapi.

"Nani kamng'oa jino mdogo wangu?"

"Toka, babu," Kabati alisema. "Sina ugomvi na wewe. Vua hilo sweta uliweke chini."

"Babu?" Kengele aliinamisha kichwa kama mtu asiyesikia vizuri. "Nina miaka arobaini na moja."

"Kaka, kimbia!" Fundi alipiga kelele.

Lini mtu wa ukoo huu alikimbia? Kengele alisogea mbele kwa hatua ndogo, kidevu chini, glavu za sufu usoni, na vitanzi vyake vyekundu vyote kifuani. Ungecheka. Kabati alicheka. Alimrushia kile kipande cha mbao, Kengele akakwepa. Alirusha ngumi, ikapita hewani. Akarusha nyingine, nayo ikapita. Miaka sita bila ulingo, na kiuno kilikuwa bado kinajua kazi yake. Fundi, pale chini, damu mdomoni, alijikuta anatabasamu.

Kisha Kengele akakanyaga bunda la uzi.

Mguu uliteleza, kinga ikafunguka, na ngumi ya Kabati ikatua upande wa kulia wa kichwa, juu kidogo ya sikio. Mlio wake ulikuwa mdogo.

Moja. Fundi hakuihesabu. Mimi niliihesabu.

Kengele aliyumba, akatikisa kichwa, akacheka. "Ndiyo hiyo tu?"

Akaachia mkono wa kulia kutoka chini.

"Kaka, usimpige!" Fundi alilia. "Ndani mna vyuma!"

Alichelewa. Wafumaji wana hila yao. Sweta likiwa bichi, ukitaka mikono irefuke, unaitundikia uzito ikauke imevutika. Fundi alikuwa ametumbukiza ndani ya kila glavu vyuma viwili vya mashine, amevifunga kwenye plastiki visitoe kutu, na alipotoka asubuhi akasahau kumwambia mtu. Kwa hiyo iliyofika kwenye taya la Kabati haikuwa ngumi ya sufu.

Taya lilivunjika kwa sauti ya kuni kavu. Kabati aligeuka nusu mzunguko, akaanguka kifudifudi juu ya mashine, akateleza, akatulia sakafuni. Jamani, alikiona cha mtema kuni.

"Nimemuua?" Kengele aliuliza.

Fundi alitambaa, akaweka sikio mgongoni mwa lile jitu. "Anapumua."

"Basi mfunge kabla hajakumbuka yuko wapi."

Alimfunga kwa sufu, uzi mara kumi kila kiwiko, mara ishirini miguuni, fundo la mfumaji ambalo likivutwa linakaza zaidi. Kengele alijivua sweta polepole, akalitoa kichwani kwa shida, akakaa chini ukutani. Alisema anapumzika kidogo. Fundi hakushangaa, hata mabingwa hupumzika.

Alikimbilia mifuko miwili ya mavazi iliyokuwa karibu na mlango, akalivuta la kwanza lililotoka.

Akapiga yowe. Alipokuwa ananyongwa hakupiga yowe la namna hiyo.

Lilikuwa lile sweta la kijivu, kuanzia kifuani kwenda chini. Juu hapakuwa na kitu, mabega hayapo, shingo haipo, ila uzi uliojikunja na kujisokota kama nywele za mtu aliyetoka kufumua misuko. Akavuta gauni la wavu, nalo nusu. Koti la kocha, mkono uliotafunwa haupo na ule mzima haupo. Skafu ya watu wanne ilibaki ya mtu mmoja na nusu. Kumi na moja, yote yamefumuliwa.

Alimrukia Kabati, akamshika nywele, akakigonga kichwa chake sakafuni mara mbili. "Miezi kumi na minne! Umenifumulia miezi kumi na minne!"

Kabati alifungua jicho moja. Alisema kwa taya lililokaa upande, maneno yakitoka na mapovu mekundu.

"Mimi shijafumua kitu, dada. Nimezhikuta hivyo. Nikadhani ndiyo fasheni yenyewe."

"Mwongo!"

"Hata mlango shikuvunja. Nimeukuta wazhi."

"Nije nimwongeze nyingine?" Kengele aliuliza kutoka ukutani.

"Subiri, kaka."

Fundi alilichukua tena sweta la kijivu, safari hii kwa macho ya kazi.

Mtu wa mtaani akitaka kuharibu sweta, anakata kwa mkasi. Aliye mjanja kidogo huvuta uzi wa chini, kwenye pindo, na atauvuta mpaka kesho, hautafumuka. Kitambaa cha kufuma kinafumukia upande mmoja tu, pale fundi alipofungia mwisho kabisa. Na Fundi huuficha mwisho wake. Huingiza fundo ndani ya mshono wa bega la kushoto, mahali ambapo hata mvaaji hapaoni. Hapa hapakuwa na mkasi hata mmoja. Mafundo kumi na moja yalikuwa yamelegezwa kwa ukucha, kwa subira, halafu uzi ukavutwa.

Wanaojua fundo lile linakaa wapi ni wawili. Mmoja ndiye yeye.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Fundi aliwahi kuucheka msemo huo, akasema unawahusu watu wasiofua.

Nyayo zilisikika uani. Mlango ukasukumwa, akaingia mwanamke wa miaka sitini na kitu, mwembamba, miwani kwenye kamba, funguo mkononi. Huyo ni shangazi yao, dada wa marehemu baba, aliyewalea wote wawili katika nyumba hii na kumfundisha Fundi kitanzi cha kwanza.

"Shikamoo, mama," alisema Kabati kutoka sakafuni. Adabu ni adabu.

"Marahaba," shangazi alijibu, kwa mazoea, kisha akaona. Funguo zikamdondoka. "Mungu wangu. Uso wako, mwanangu! Nani huyu? Kengele yuko wapi?"

"Niko hapa, shangazi. Mzima."

"Shangazi," Fundi alisema.

"Abee."

"Ni wewe?"

Shangazi aliitazama ile nguo mkononi mwa Fundi. Hakujifanya haelewi swali. Alivua miwani akaifuta kwa pindo la khanga, kazi iliyochukua muda mrefu kuliko ilivyostahili.

"Ni mimi," alisema. "Ulipotoka tu kwenda ukumbini asubuhi. Hilo la kijivu lilinitoa machozi, lakini nimelifumua. Nilisikia Kengele yuko darini na la kumi na mbili, nikashindwa kupanda kumtazama usoni. Nikatoka. Sikumbuki kama nilifunga mlango."

Sitaki kuandika kinachofuata, lakini kilitokea.

Fundi alimpiga. Alimpiga dada wa baba yake, kwa kiganja kilichojaa damu, kofi lililomtupa mama mzima ukutani. Kisha akamshika kwa khanga kifuani, akamkandamiza, akampigapiga ukutani.

"Bwana Lebo kakuahidi nini? Sema! Kakuahidi nini wewe mchawi?"

"Fundi!" Kengele aliinuka, akagonga ukingo wa meza iliyopinduka, akakaa tena. "Fundi, mwache! Huyo ni shangazi!"

"Kaniua! Huyu kaniua kuliko huyo aliyeninyonga!"

"Simjui huyo Lebo wako, sijawahi kumwona," shangazi alisema. Hakujikinga. Midomo ilikuwa inavuja damu na alimtazama Fundi machoni. "Nipige tena ukitaka. Leo saa kumi ndugu yako hapandi ulingo. Hakuna nguo, hakuna onyesho. Hakuna onyesho, hakuna pambano. Ndicho nilichotaka."

"Pambano? Raundi tatu za kuchezacheza?"

"Shangazi," Kengele alisema taratibu. "Uliniapia."

"Niliapa, na leo ninavunja, Mungu atanihukumu." Akageuka kwa Fundi. "Nilimpeleka kwa daktari. Mshipa wa kichwani umekwisha. Ngumi moja, mwanangu. Siyo raundi tatu, ngumi moja, anapofuka au tunamzika. Nimemwomba akatae, anacheka. Nikakuomba wewe uahirishe, ukaniambia mimi mshamba wa sanaa. Wanasema mtoto akililia wembe mpe. Nimelea wawili, na huo wembe nimeshindwa kuutoa."

Mikono ya Fundi iliachia khanga.

"Ulikaa hapo," shangazi alisema, "ukahesabu ngumi mia mbili na kumi na moja alizopigwa ndugu yako. Ukazifuma moja moja, hukukosea hata kitanzi. Hukuuliza hata siku moja zilikwenda wapi."



Fundi alipiga magoti. Nimemfuatilia mwanamke huyu raundi nane, nimemwona akitukanwa, akiibiwa, akinyongwa, na sijawahi kumwona analia. Alilia kwa sauti, akaishika miguu ya shangazi, akaweka kipaji cha uso juu ya viatu vyake.

"Nisamehe. Nimekupiga. Mkono huu nimekupiga."

"Inuka."

"Nisamehe kwanza."

"Nimekusamehe, inuka, unanichafulia viatu." Na shangazi naye akaanza kulia, wakashikana pale chini kati ya nyuzi, wawili wenye midomo iliyopasuka.

Kisha Fundi akafanya jambo ambalo nyote mlikuwa mnamwombea tangu Raundi ya Nne. Aliitafuta simu chini ya meza, akapiga ukumbini. "Hakuna onyesho," alisema, maneno yakipuliza kwenye pengo la jino. "Fungueni kamba za ulingo. Ndiyo, nina akili zangu. Hapana, siyo kesho, siyo siku nyingine. Huyo bondia mwambieni arudi kwao." Akakata. Akavuta pumzi, ya kwanza iliyofika chini kabisa tangu saa saba. Moyo wake ulikuwa mwepesi. Alikuwa amepoteza kila alichokibuni na hakukumbuka mara ya mwisho alipofurahi hivyo.

"Tumewahi, shangazi," alisema. "Tumewahi."

Akamgeukia kaka yake amgombeze, maana alistahili kugombezwa.

Kengele alikuwa amekaa palepale ukutani, miguu ameinyoosha, jua la saa nane kutoka dirishani limemlalia usoni mzima. Alikuwa ameokota uzi uliofumuliwa na alikuwa anaukunja kuwa donge, kazi aliyokuwa akipewa na shangazi kila alipokosea utotoni. Vidole vyake vilikwenda vizuri, bila haraka. Donge lilikuwa duara na limekazwa. Uzi mmoja uliokuwa unaingia humo ulikuwa mwekundu, na wa pili, alioushika pamoja nao, wa kijivu.

"Kaka," Fundi alicheka, machozi hayajakauka. "Angalia unachofanya. Unachanganya rangi."

Kengele hakuinua kichwa. Vidole vilisimama.

"Kwani ziko ngapi?"